Mahindi Ambayo Mzee Mihayo Hakuyatupa

Wahenga walisema akiba haiozi. Nawaheshimu wahenga, lakini sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kukabidhiwa funguo za ghala. Akiba inaoza, wanangu. Inaoza ikiwekwa haijakauka, inaoza ikigusa ukuta, inaoza ikilala sakafuni bila chaga za mbao, na mwenyewe akishaamini kwamba haiozi ndiyo inaoza kabisa. Mimi nimeishi na akiba za watu hapa Tabora tangu nilipokuwa msichana wa kupepeta hadi nikastaafu nikiwa msimamizi wa ghala. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, wenye vipima unyevu vya betri na mifuko isiyopitisha hewa.

Jina langu ni Zuhura. Najua nikishapita mnaniita Bi. Ungo, mkidhani masikio yamestaafu pamoja na mimi. Niiteni tu. Ungo umenisomeshea watoto.

Kazi nilifundishwa na mtu mmoja, Mzee Mihayo wa Kwihara. Alikuwa fundi wa ghala, mrefu, mkimya, mwenye baiskeli nzito iliyolia kila ilipopinda kona. Kila asubuhi alikuja mjini kwa baiskeli hiyo, na sisi wasichana wa mjini, tuliojiona wajanja kwa sababu tumezaliwa karibu na stesheni, tulimcheka mpaka alipoanza kutufundisha kazi. Siku yangu ya kwanza alinipa punje ya mahindi akaniambia niing'ate. Nikaing'ata. Akaniuliza imesema nini. Nikadhani mzee ana wazimu. Akaniambia punje kavu inakatika kwa mlio, na punje mbichi inakubali jino bila kusema kitu, na kwamba nisipojua tofauti hiyo nitalisha watu uozo huku nimevaa kanga nzuri.

Vipima unyevu vyenu ni vizuri, siwabezi. Ila betri huisha, na duka la betri halipo kila kijiji. Kwa hiyo jifunzeni na ile ya chupa. Chukueni chupa kavu yenye kifuniko, tieni punje na chumvi kavu, tikiseni, kisha iacheni itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisheni juani. Chumvi ikibaki inazunguka huru, fungeni magunia. Na mnapoanika, anikeni juu ya turubai. Nimeona watu wakianika kwenye udongo mtupu halafu wanashangaa punje zimeota manyoya kabla ya Krismasi. Udongo una wageni wake, na wageni hao wakipanda kwenye punje hawashuki.

Mzee Mihayo hakupenda kusema sana na wenye mali. Mfanyabiashara mmoja alitujia na lori kutoka njia ya Sikonge, magunia yamejaa vizuri, juu punje zinang'aa. Alikuwa na maneno matamu na alitaka tupokee upesi kwa sababu dereva ana haraka. Mzee alichukua bambo, kile chuma chenye ncha na tundu cha kuchomea gunia, akakichoma chini kabisa karibu na mshono. Punje zilizotoka alizinusa, akamwambia yule bwana kwa upole, "Baba, mahindi yako yameoga."

Yule bwana alianza kuapa. Mzee hakubishana naye, alimwomba tu aingize mkono gunini mpaka kwenye kiwiko na akae nao humo kidogo. Bwana akaingiza, na uso wake ukabadilika, maana ndani kulikuwa na joto kama la mtoto mwenye homa. Gunia lenye joto ni gunia linalooza, hata kama juu linang'aa. Lori likageuza. Sisi tulicheka mpaka machozi, lakini Mzee hakucheka. Alilitazama lori likienda akasema wapo watakaoyapokea, na wapo watakaoyala. Wakati ule sikujua kwamba maneno hayo yangenirudia vibaya.

Niwaambie na mengine nisije nikasahau. Magunia yasiguse ukuta. Kila mwaka huja kijana anayeyapanga yakaegemea ukuta kwa sababu yanapendeza, na masika yakifika ukuta unatoa jasho na safu nzima inaharibika. Acheni nafasi mtu apite na taa. Mkifukiza dawa chini ya turubai, hakuna anayeingia mpaka mtaalamu aseme ingieni, hata kama amesahau simu yake humo. Na vidonge vile vya kufukizia visitoke ghalani kwenda nyumbani kwa mtu. Najua watu wengi wanalala chumba kimoja na magunia yao kwa kuogopa wezi. Hewa ya kidonge haichagui fukusi na mtu. Hali kadhalika mbegu ya dukani iliyopakwa rangi, hailiwi, iosheni mtakavyo. Mbegu ya nyumbani Mzee aliitunza kwa kuining'iniza na maganda yake juu ya jiko, moshi uipite kila siku, na dumuzi, mdudu wetu wa Tabora anayegeuza punje kuwa unga kabla hujamwona, hakuigusa.

Basi nimezunguka vya kutosha. Nilichotaka kuwaambia ni habari ya mabovu.

Jioni, baada ya kupepeta na kuchambua, hubaki rundo la punje zilizokataliwa. Nyingine nyeusi, nyingine za kijani, nyingine zina rangi ya waridi ukadhani zimepambwa. Utaratibu wa ghala ulikuwa kuyatupa kwenye shimo nyuma. Mzee Mihayo aliomba ayachukue, na hakuna aliyemkatalia. Aliyafunga kwenye gunia, akalipakia nyuma ya baiskeli, akaenda zake Kwihara. Tulijua ni ya kuku. Tulimtania kwamba kuku wake lazima wawe na vitambi, na akichinja atukumbuke. Alitabasamu tu.

Kisha binti yake Kalunde akajifungua mtoto wa kwanza, nami nikaenda Kwihara kumpa hongera. Nilitafuta wale kuku wa sifa nikaona watatu, wamekonda, wanakimbizana na kivuli. Lakini juu ya mwamba nyuma ya nyumba niliona mahindi yameanikwa, meupe, yameoshwa. Niliyatambua, kwa sababu mtu aliyechambua punje kwa mkono wake huzitambua. Mama Kalunde, mke wa Mzee, alikuwa anayageuza kwa kiganja. Alinikaribisha kwa furaha, akaniita mwanangu, akapika.

Mzee alinieleza bila aibu yoyote. Mahindi yale huyasugua kwa majivu, huyaloweka, huyaosha mpaka maji yawe safi, kisha huyaanika juu ya jiwe. Baada ya hapo ni chakula kama chakula kingine. Nikamuuliza na yale mazuri ya shamba lake yako wapi. Akanionyesha kihenge kimejaa, kimefunikwa vizuri, hakina hata panya. Akasema mazuri yanaweza kusubiri, mabovu hayawezi, kwa hiyo unaanza kula mabovu yasije yakapotea.

Fikirini hesabu hiyo, wanangu. Kila wiki ghala lilimpa mabovu mapya, na kila wiki yale mazuri yakasubiri. Mwisho wa msimu yale mazuri aliwapa wanawe na jirani aliyepungukiwa, yeye na mkewe wakaendelea na ya kwenye mwamba. Mtu aliyesafisha chakula cha mji mzima alikula kile alichokitoa humo.

Na msimwone mjinga. Kila nyumba ya kwetu inajua udaga. Mihogo inamenywa, inarundikwa, inafunikwa kwa majani mpaka iote kuvu, halafu kuvu inakwanguliwa kwa kisu, mihogo inaanikwa, inatwangwa, na ugali wake ni laini na una harufu yake ambayo waliokua nayo wanaililia ugenini. Mzee alipokuwa mdogo ilikuja njaa, na mama yake alikuwa na mihogo tu. Alirundika, akafunika, akakwangua, na watoto wake wakaishi. Nyumba mbili tatu za jirani walizika. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwonyesha mahindi yenye kuvu, anaona kazi ya kisu na maji. Haoni cha kutupa.

Siku ile nilikula ugali wake nikashiba. Hakuna aliyekuwa amesikia neno sumukuvu.

Nililisikia miaka mingi baadaye, Mzee ameshastaafu na mimi nimeshika nafasi yake. Alikuja mtaalamu, binti mdogo mwenye sauti ya chini, tukakaa naye juu ya chaga. Alitueleza kwamba kwenye mahindi na karanga kuna kuvu inayoacha sumu ndani ya punje. Sumu hiyo haionekani, haina harufu, haitoki kwa kuosha, haifi kwa kuchemsha. Ukiila nyingi kwa mara moja unaugua papo hapo, ukiila kidogo kidogo inakaa kwenye ini. Mmoja wetu akauliza kuhusu udaga. Akasema kuvu si moja, na hata udaga unataka uangalifu, lakini mahindi ya namna ile hayana dawa isipokuwa shimo.

Wenzangu walikuwa wanaandika, mimi nilikuwa naliona lile jiwe la Kwihara.

Kesho yake nilipanda bodaboda nikaenda. Nilimkuta Mzee anasuka kifuniko cha kihenge kipya, tukaamkiana, nikamwambia yote kama nilivyoyasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa msikivu. Mama Kalunde alikuwa jikoni na mlango uko wazi. Nilisikia mwiko umesimama.

Mzee akasema, "Kuvu imenilea, Zuhura. Leo iwe sumu?"

Nikamwambia ile ni nyingine. Nikamwambia habari ya ini. Nikamwambia mpaka nikachoka, kisha nikakasirika, nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha kuchambua.

"Nimekufundisha kuchambua," akasema. "Sikukufundisha kutupa."

Mwiko ukaanza tena kuzunguka chunguni.

Sikukata tamaa. Ghalani mabovu yalikuwa hayatoki tena, tulichimba shimo refu tukawa tunafukia, lakini ya shambani kwake na ya majirani yalimtosha. Watu walimletea, wakijua yeye hatupi. Basi nikawa nampelekea mahindi safi, niliyoyachambua mwenyewe. Alinishukuru sana. Aliyapima kwa jino, akayasifu, akayatia kwenye kihenge, akafunika vizuri. Halafu akaendelea kula mabovu kwanza. Nilipogundua hilo nilicheka njia nzima kurudi mjini huku machozi yananitoka, na kijana wa bodaboda akawa ananiuliza kama bibi yuko salama. Nilimkasirikia Mzee Mihayo, na niwaambie ukweli, hasira hiyo haijaisha.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzee alianza kukonda mashavu huku tumbo linajaa. Akakaza mkanda, akasema ni uzee. Chakula kikawa hakipiti. Kalunde aliponipigia simu kuniambia macho ya baba yamekuwa ya njano, tulimchukua tukampeleka hospitali ya Kitete. Daktari alikuwa mtu mwema. Alituambia ini limeharibika sana na hakuna la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Nilimuuliza kuhusu mahindi. Akasema huenda, lakini ini lina maadui wengi, na yeye hawezi kuapa. Nami siwaapii. Nawaambia niliyoyaona.

Nilikaa naye wodini. Hakuwa na nguvu ya kusema mengi, na mengi aliyoyasema yalikuwa ya Kinyamwezi, ya mama yake na mihogo. Mchana mmoja akili ilimrudia akaniuliza siku hizi mabovu ninayafanyaje.

"Ninayafukia, baba."

Alifumba macho. Nikadhani amelala.

"Kuna nyumba ingekula," akasema.

Alikuwa anakufa, na kilichomuuma ni shimo langu. Alifariki kabla ya wiki kwisha, na tukamrudisha Kwihara.

Msibani watu walikuwa wengi kuliko nyumba. Wapo waliosema ile methali ya sikio la kufa, kwamba halisikii dawa, na mimi niliwaondokea, kwa sababu Mzee yule alisikia kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Wanawake walikuwa wamewasha mafiga matatu nyuma ya nyumba, masufuria makubwa yanachemka, na wageni wa kutoka Nzega walikuwa wameshafika na watoto wao. Nilikwenda kusaidia, kama inavyotakiwa. Jirani mmoja akaniomba nichote unga kwenye pipa lililoko ndani.

Nilifungua pipa. Mnajua nilichokijua. Unga ulikuwa mweupe, mzuri, laini. Nikauliza umesagwa kutokana na mahindi gani. Jirani akasema ni yale ya kwenye mwamba, Mama Kalunde aliyapeleka mashineni mume wake alipolazwa, ili yasiharibike.

Nilisimama pale na bakuli mkononi. Nje kulikuwa na watu wenye njaa waliotoka mbali, na desturi yetu mnaijua, mfiwa halalamikiwi chakula na chakula cha msiba hakirudishwi. Kukimwaga ni kuwaambia watu wote kwamba marehemu alikuwa anakula uchafu, na kwamba mkewe ndiye aliyempikia. Ningeweza kunyamaza. Mlo mmoja, nilijiambia, hauui mtu. Kisha nikasikia watoto wa Nzega wanacheza nje karibu na ukuta, nikaweka bakuli chini, nikaenda kumtafuta mjane.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Niliinama nikamnong'oneza sikioni. Hakunitazama. Wanawake wengine wakaacha kuimba kwa sababu walimwona hapumui vizuri. Halafu akaniomba mkono, nikamwinua.

Tuliingia ndani tukaliburuta pipa wawili, kupitia mlango wa nyuma, mbele ya wale wapishi. Mama Kalunde aliomba jembe, na alipopewa akakataa mtu mwingine asilishike. Alichimba mwenyewe, mzee vile, na kanga ya msiba imefungwa kiunoni. Wapishi walikwenda kwa majirani kukusanya michembe na unga mwingine, na wageni walikula viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga, wakashukuru.

Shimo lilipotosha tuliinamisha pipa. Unga ulimwagika polepole na vumbi lake likatupaka mikono. Katikati ya kumwaga akasimama.

"Zuhura," akasema, "mimi nimekula naye chungu kimoja tangu nimeolewa."

Nilisema ndiyo, mama.

"Na mimi je?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na mengi nimeyajibu kwa jino, kwa chumvi au kwa bambo. Lile sikuwa na kifaa chake. Nilishika pipa upande wangu, naye akashika upande wake, tukamaliza kumwaga. Alifukia mwenyewe, akakanyaga udongo kwa miguu, akarudi kwenye mkeka kumlilia mumewe.

Mama Kalunde yuko hai. Kihenge chake kina mahindi safi na anaanza na mazuri. Nikipata nafasi ninakwenda Kwihara, nasimama mlangoni, namwamkia shikamoo. Haitiki. Anakuja kwanza mpaka kwenye mwanga, anashusha kope la chini kwa kidole, ananikaribishia uso nimtazame jicho, kisha la pili.

"Ni meupe, mama," namwambia.

Ndipo anaitikia, "Marahaba, mwanangu."